Tuzo ya Mazingira ya Chuo Kikuu cha St Andrews: maswali tunayoulizwa Mombasa

Tangazo la tuzo hii likitoka tu, simu yangu haipumziki. Mara ni kijana wa Kisauni anayetengeneza makaa ya vifuu, mara ni kina mama wa Jomvu wenye kitalu cha mikoko, mara ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, amebakisha siku mbili na hajaandika neno. Mimi si mtu wa tuzo wala si mtu wa chuo. Huwasaidia majirani kujaza fomu hizi Jumamosi asubuhi, ujira wangu kahawa chungu na kaimati, na maswali huwa ni yale kwa yale. Nimeyaweka hapa. Mwenye haraka asome lile la mizani kisha aende zake.

Tuzo hii ni ipi hasa?

Ni Tuzo ya Mazingira ya St Andrews, inayotolewa na chuo kikuu cha jina hilo kule Uskoti. St Andrews ni mji mdogo wa pwani unaotazama Bahari ya Kaskazini, na walimwengu wengi wanaujua kwa sababu ya gofu. Chuo chake ni cha tangu mwaka 1413. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa mwaka 1498, chuo hicho kilikuwa tayari na umri wa miaka 85.

Tuzo yenyewe ni changa. Ilianza mwaka 1998, chuo kikishirikiana na kampuni ya mafuta ya Conoco, iliyokuja kuungana na Phillips mwaka 2002 na kuitwa ConocoPhillips. Kwa miaka mingi mshindi amekuwa akipata dola 100,000 za Marekani na wawili wanaomfuata dola 25,000 kila mmoja. Dola ikiwa shilingi 130 hivi, hiyo laki moja ni kama shilingi milioni 13. Kiasi, tarehe na masharti hubadilika msimu kwa msimu, kwa hiyo soma tangazo la mwaka huo kwenye tovuti ya tuzo yenyewe, si picha iliyosambazwa kwenye kikundi cha WhatsApp tangu mwaka juzi.

Wanachotafuta ni suluhisho la tatizo la mazingira linalokaa juu ya mafiga matatu: sayansi iliyo sawa, hesabu ya pesa inayosimama, na mpango ambao watu wa mahali hapo na wakuu wao wanaweza kuukubali. Figa moja likikosekana, chungu kinapinduka. Fomu nyingi ninazoletewa zina figa la tatu peke yake, yaani watu wanaupenda mradi. Vizuri, lakini chungu hakikai.

Kwani chuo kikuu kinahusikaje na mambo ya taka na mikoko?

Swali zuri kuliko linavyoonekana, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua namna ya kujaza fomu. Mfadhili wa kawaida huuliza utazitumiaje pesa. Wanaosoma maombi kwa niaba ya chuo kikuu wamezoea kusoma tasnifu, na mtu aliyezoea tasnifu huuliza umejuaje. Ukimwambia taka zimepungua mtaani kwenu, hatakukatalia, atataka kujua zilikuwa ngapi kabla, nani alizipima, na kama mtaa wa jirani usio na mradi nao haukupungukiwa vilevile kwa sababu kaunti ilituma lori. Usimwone ana dharau, hiyo ndiyo kazi yake.

Kuna mtu wa huku kwetu aliyewahi kuipata?

Yupo, tena kwa kazi ambayo ukisafiri kwa basi kwenda Nairobi unaipita kando. Mwaka 2013 tuzo ilikwenda kwa Lucy King, mtafiti wa ndovu anayefanya kazi na shirika la Save the Elephants hapa Kenya, kwa uzio wake wa mizinga ya nyuki. Kituo cha mradi huo kiko Sagalla, chini ya kilima kile cha karibu na Voi, mahali ambapo ndovu wa Tsavo Mashariki hutoka usiku kuja kula mahindi ya watu.

Nieleze kidogo, maana huu ndio mfano ninaoutumia kwa kila kikundi. Kwamba ndovu anaogopa nyuki ni habari ya kale kwa warina asali. Ngozi ya ndovu ni nene, lakini nyuki hamwumi ubavuni, humwendea machoni na ndani ya mkonga. King, aliyekuwa akisomea uzamivu Oxford, aliichukua habari hiyo akaitengenezea uzio: mizinga inaning'inizwa juu ya nguzo kila baada ya mita 10, na waya unapita kutoka mzinga mmoja hadi mwingine kuzunguka shamba. Ndovu akija gizani akaugusa waya kwa kifua, mizinga yote ya upande ule inayumba na nyuki wanatoka kuuliza kulikoni. Kati ya mizinga halisi huwekwa mingine ya vipande vya mbao tu, ya kumhadaa, kwa sababu mizinga ni ghali.

Mpaka hapo ni wazo zuri, na mawazo mazuri yamejaa kila baraza la kahawa. Sikiliza sasa lililomfikisha mbali. Huko kaskazini mwa Kenya walichagua mashamba 34. Mashamba 17 yakawekewa uzio wa mizinga, jumla mita 1,700, na majirani zao 17 wakabaki na boma la miiba kama kawaida. Wakahesabu kwa misimu mitatu ya mazao. Kulikuwa na visa 45 vya ndovu kuingia au kujaribu kuingia mashambani, na katika visa vyote hivyo ni ndovu dume mmoja tu, mara moja tu, aliyeuvunja uzio wa nyuki akapita. Waliobaki waliuepuka uzio, wakarudi walikotoka au wakapitia kwenye miiba ya jirani. Juu ya hayo mkulima akapata asali ya kuuza.

Ona mafiga yalivyo: hesabu ya ndovu ni sayansi, asali ni pesa, na mkulima anaukubali uzio kwa sababu ni vitu anavyovijua, nguzo, waya na mzinga. Yule dume mmoja aliyepita hakufichwa. Ningekuwa mimi na vikundi vyangu vya zamani, tungemfuta.

Ile tuzo iliyohusu Owino Uhuru si hii hii?

Hapana, na watu wengi wa Changamwe na Mikindani huzichanganya. Phyllis Omido, aliyepambana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichowatia watu wa Owino Uhuru sumu ya risasi, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Hiyo hutolewa na wakfu wa San Francisco, si chuo, na huwezi kuiomba. Unapendekezwa kwa siri na wengine. Ni ya wapiganaji. Wangari Maathai alipewa hiyo hiyo mwaka 1991, miaka 13 kabla ya Nobeli. Kesi ya Owino Uhuru yenyewe ilisikilizwa papa hapa, na mwezi Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, ikafuata safari ndefu ya rufaa.

Ipo pia Tuzo ya Tyler, iliyoanza mwaka 1973 na kusimamiwa na Chuo Kikuu cha Southern California. Hiyo nayo ni ya kupendekezwa, tena kwa waliomaliza kazi ya maisha. Jane Goodall aliipata mwaka 1997. Kama una miaka 24 na mashine ya kusaga plastiki, hiyo si yako bado. Wanafunzi wanaopenda biashara watazame Tuzo ya Hult, inayoendeshwa na chuo cha biashara cha jina hilo na kushindaniwa na timu za wanachuo, dola milioni moja kwa mshindi. Vikundi vya kijiji vina Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, ambayo Mikoko Pamoja ya Gazi ilishinda mwaka 2017. Earthshot ni ya Mwanamfalme William wa Uingereza. Charlot Magayi wa Nairobi aliipata mwaka 2022 kwa majiko yake.

Lazima niwe na digrii?

Hapana. Mtu mmoja, timu, kikundi cha jamii, wote wanaruhusiwa. Digrii haiombwi, ila mtu anayejua kuhesabu anahitajika. Nenda pale Tudor au Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi kule Mkomani, utakuta vijana wanaotafuta mahali pa kufanyia utafiti wa shahada. Wao wanataka takwimu, nyinyi mnataka mtakwimu. Mkaribisheni chai.

Wazo langu bado liko kwenye daftari. Naweza kuomba?

Unaweza kuomba, ila utakuwa unashindana na watu ambao ndovu wao wameshahesabiwa. Fanya kitu kidogo kwanza, hata kwa nyumba kumi.

Ubunifu maana yake ni lazima iwe mashine au programu ya simu?

Ndugu zangu vijana, hapana! Kila mwaka naletewa programu ya simu ya kuripoti taka. Kuripoti kwa nani? Taka tunaziona kwa macho, hata pua inazijua kabla ya macho.

Kwa swali hili huwapeleka watu Bamburi. Kiwanda cha saruji cha pale kilichimba mawe ya matumbawe tangu miaka ya hamsini, na mashimo yaliyobaki yalikuwa kama uso wa mwezi: mawe matupu, maji ya chumvichumvi, jua. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26 na zilizostahimili ni tatu tu, mojawapo ikiwa mvinje. Mvinje ukakua haraka sana, lakini majani yake membamba kama sindano yakarundikana chini bila kuoza, na bila mboji hakuna mti mwingine utakaoota. Dawa ilikuwa jongoo. Haller aliwaona majongoo wakiyala majani yale, akawaleta kwa wingi na kuwaachia msituni. Jongoo akala, akanya, udongo ukapatikana. Leo watoto wa shule wanakwenda pale kutazama twiga, na wengi hawajui kwamba wanakanyaga kazi ya jongoo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilimtia Haller kwenye orodha yake ya heshima ya watu 500 mwaka 1987.

Jongoo hana betri wala chaji. Ule ni ubunifu, na uhakika wake ni udongo unaoweza kuuchota kwa mkono.

Tumepanda mikoko elfu kumi. Inatosha?

Nitakujibu kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma niliwasaidia watu kupanda mkoko kwenye ufuko mmoja, tukiwa na fulana mpya, mabango na mpiga picha. Ilikuwa siku za maji mafu, bahari imetulia, kila mmoja anachomeka mbegu zake ndefu mchangani na kupigwa picha. Fomu ikajazwa: idadi kubwa, na picha kubwa zaidi. Bamvua lilipokuja, mawimbi yaliingia yakaondoka nazo. Nilirudi baada ya mwezi nikakuta vijiti vilivyokuwa alama, vimekaa peke yao kama wageni wa harusi iliyoahirishwa.

Kosa halikuwa la bahari. Mikoko ina safu zake. Anayekaa mbele kabisa kuelekea bahari kuu ni mlilana. Mkoko wenyewe unapenda matope ya nyuma yake, mkandaa uko nyuma zaidi, na mchu unajua kuishi pande zote mbili. Sisi tulimpeleka mkoko mstari wa mbele, mahali ambapo hata zamani hapakuwa na mti. Mzee mmoja mvuvi alikuwa ametutazama siku nzima bila kusema kitu. Nilipomuuliza baadaye, "Mzee wangu, mbona hukutuambia?" alinijibu, "Mwanangu, kwani mliniuliza?"

Kwa hiyo usiandike mliyopanda, andika mingapi ilikuwa hai baada ya mwaka, na nani aliihesabu. Gazi, kule Kwale, wamefanya hivyo. Mikoko Pamoja inalinda hekta 117 za mikoko tangu 2013 na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa pale, na pesa zimeingia kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule vya Gazi na Makongeni. Mnunuzi wa ng'ambo hawezi kununua picha ya fulana. Kuna watu wanaoingia matopeni na kupima vipenyo vya miti, mmoja baada ya mwingine, na mbu wapo.

Takwimu nitazipata wapi? Sisi ni watu wa kazi za mikono.

Hapa ndipo pa mizani.

Kikundi kimoja cha Kisauni hukusanya vifuu na makumbi kutoka kwa wauza madafu na wakuna nazi, wakavichoma kwenye pipa, wakasaga, wakachanganya na uji wa unga wa muhogo na kukandamiza makaa. Makaa mazuri, hayatoi moshi mwingi, yanakaa. Kwenye fomu waliandika kwamba wameokoa maelfu ya miti. Nikamuuliza kiongozi wao, dada mmoja mwenye sauti ya kuita tuktuk ng'ambo ya barabara, wanakusanya kilo ngapi kwa wiki. Akasema, "Magunia mengi." Gunia la kilo ngapi? "La sukari." Likiwa limejaa vifuu au limejaa makumbi? Maana makumbi ni mepesi na vifuu ni vizito. Akanitazama kama nimemdai pesa.

Wiki iliyofuata walinunua mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano wanayotumia wauza samaki, wakaifunga kwenye tawi la mwembe. Daftari la kurasa 96 likafungwa kwa kamba kando yake pamoja na kalamu. Kila gunia linaloingia linapimwa, kila gunia la makaa linalotoka linapimwa, na anayepima anaandika jina lake. Mwezi wa kwanza daftari lilikuwa vurugu: siku zilizorukwa, mchuzi wa mtu kwenye ukurasa wa nne, tarehe 31 ya mwezi wenye siku 30. Wakataka kunakili upya liwe safi. Nikawakataza. Msomaji wa maombi akiona ukurasa wa nne ataamini kwamba kilo zile zilipimwa na watu walio hai.

Kilichotoka humo kiliwashangaza wenyewe. Kazi yao kubwa haikuwa miti. Karibu nusu ya uzito uliokuwa ukiingia ulikuwa makumbi ya madafu yaliyokuwa yakiziba mitaro mvua za masika zikinyesha. Wakaandika fomu upya kutoka upande huo. "Maelfu ya miti" ilifutwa, maana hakuna aliyewahi kuihesabu.

Usipokuwa na mizani, hesabu vitu: nyumba, mitungi, siku ambazo bomba lilikauka. Anza kabla mradi haujaanza. Ukianza kuhesabu baada ya kufanikiwa, huna tena cha kulinganisha nacho.

Fomu ni ya Kiingereza na Kiingereza chetu ni cha kuombea maji.

Andikeni kwanza kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha mnavyozungumza. Fomu zilizoandikwa moja kwa moja kwa Kiingereza na watu wasiokizoea hujaa maneno makubwa ya semina na hazina kitu ndani. Mkishaandika "tunapita nyumba 60 kila Jumanne na mkokoteni mmoja", mtu yeyote aliyemaliza sekondari atawafasiria. "Kuwezesha jamii kwa njia endelevu na jumuishi" hata mimi siwezi kuifasiri, maana haina kitu cha kufasiri. Na msiiachie kompyuta iwaandikie yote. Mwaka jana niliona fomu tatu za mitaa mitatu tofauti zenye aya ya kwanza moja.

Wakishasoma, hawataniibia wazo?

Wasomaji wa maombi hawana haja na pipa lako. Lakini kama kweli umevumbua kifaa, hofu yako iwe ya kuonyesha hadharani kabla ya kukisajili. Nenda kwanza Taasisi ya Haki Miliki za Viwanda, ile KIPI. Hataza ya uvumbuzi Kenya hudumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, na kuna cheti cha maboresho madogo, cha miaka 10, ambacho kwa mafundi wengi wa Mombasa ndicho kinachowafaa. Ukikiweka kifaa TikTok kwanza, huko Ulaya unaweza kukosa haki hiyo kabisa, kwa kuwa wao huhesabu kilichokwisha kuonekana hadharani si kipya tena.

Nimeambiwa nilipe ada ya usajili.

Usilipe. Tuzo ya namna hii haimtozi mtu ili aingie, na haitumi ujumbe wa kutaka pesa kwa simu. Kuna jirani yangu aliyelipa shilingi elfu tatu kwa "wakala", akatumiwa cheti chenye nembo iliyopinda. Cheti ameshakitundika, na mimi sina moyo wa kumwambia akishushe.

Pesa zilizoanza na kampuni ya mafuta, si ni haramu kwa mtu wa mazingira?

Swali hili huulizwa zaidi na vijana, na nawaheshimu kwa kuliuliza. Ukweli ni kwamba tuzo ilizaliwa mikononi mwa chuo na kampuni ya mafuta, na halikuwa siri hata siku moja. Wapo wanaosema pesa hizo ni sabuni ya kuoshea jina. Wapo wanaosema mafuta yametuharibia, acha walau yalipie mizinga. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili, lakini sijatulia kabisa, hasa nikisimama Kipevu nikatazama meli za mafuta. Ninachowaambia watu ni wabishane kabla ya kutuma fomu. Nimeona kikundi kikianza ubishi huu baada ya barua ya kufuzu kufika, na wakakaa wiki mbili hawasemeshani.

Vibali gani tuwe navyo?

Cheti cha usajili wa kikundi, akaunti ya benki, namba ya kodi ya KRA. Mkibeba taka, leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Mkifanya utafiti na watu, kibali cha NACOSTI, tume ya sayansi. Mkiuza bidhaa, waoneni mapema KEBS, wale wa viwango vya ubora. Ufukweni zungumzeni na BMU, kamati ya wavuvi ya pale, kabla ya kuchomeka hata kijiti.

Tukiitwa kujieleza mbele ya jopo?

Jiandaeni kwa swali moja: "Kitu gani hakikufanya kazi?" Hilo huwaangusha wengi, kwa sababu sisi tumelelewa kutomwonyesha mgeni chumba kisichofagiliwa. Msemaji awe mtu anayejua kazi, hata kama si mwenyekiti. Kama ni kwa njia ya video, tafuteni chumba chenye stima ya akiba na kisicho karibu na stendi ya matatu, na mjaribu siku moja kabla, saa ile ile. Mkialikwa kusafiri, Mkenya anahitaji viza ya Uingereza, na pasipoti haipatikani kwa wiki moja kwa sababu tu umebahatika.

Pesa zikija, zinaingia kwa nani?

Mlitaje jina la akaunti kwenye kikao, na muhtasari usainiwe na wote, kabla ya kutuma. Akaunti iwe ya kikundi, watia saini watatu. Niliwahi kukisaidia kikundi kupata tuzo ndogo ya mtu mwingine, si hii, na akaunti iliyotumika ilikuwa ya katibu "kwa muda tu". Leo nikipita mtaa ule, nusu yao hunisalimia na nusu hugeuka ukutani, ilhali sikula hata shilingi. Kaimati zao nazikumbuka mpaka leo.

Tukikosa, tufanye nini na kazi yote ile ya kuandika?

Wale wa vifuu walikosa. Barua ya kukataliwa ilikuwa ya mistari minne, ya adabu. Dada yule akaikunja akaiweka katikati ya daftari la mizani kama alama ya ukurasa.

Miezi kadhaa baadaye akaja meneja wa jiko wa hoteli moja ya Nyali, anatafuta makaa ya kuchomea samaki, na alikuwa ameshaongea na wauzaji wawili. Akauliza, "Mama, kwa wiki mnaweza kuniletea kilo ngapi, bila kukosa?" Hakumjibu magunia. Akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye wiki za masika ambazo vifuu havikauki vizuri, akamtajia kilo za wiki mbaya kuliko zote. Meneja akaandika namba ile ile kwenye karatasi yake.

Mizani bado iko mwembeni. Ndoano ililiwa na chumvi, wamefunga waya.